Rihani Yako Iko kwa Akiru, Katikati ya Nyanya

Rihani yako haijafa! Iko hai, Mama Keji, iko Lodwar, nyuma ya jiko la Akiru wangu, katikati ya nyanya na bamia, imenifika kiunoni na imebeba mbegu mpaka inainama. Nimeishika kwa mikono yangu. Nimeinusa mpaka nikapiga chafya. Ni yenyewe, ile ya shina la zambarau, siyo ya mtu mwingine.

Haya, sasa nikusalimie. Ejok, rafiki yangu. Ejok noi. Najua salamu ndiyo hutangulia, lakini wewe ungeweza kunyamaza na habari kama hii? Wewe uliyekuwa ukivuna kitunguu kikubwa unaniita kutoka ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, watu wote wanageuka wakidhani kuna msiba?

Akiru ananicheka. Anasema, "Mama, unaandikia mtu hana posta." Nimemwambia anyamaze achemshe chai. Shule niliacha darasa la tano, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa anaita wengine waje waone, na mpaka leo haujaharibika. Tena nataka uyapate haya kutoka kwangu, kwa mpangilio. Mama Ebei wa chama chetu anapita kaburini kwako kila Jumapili na mdomo wake, na ukiyasikia kwake kwanza atakuwa ameyageuza yeye ndiye aliyeona.

Nianze na mavi, maana urafiki wetu ulianza na mavi na hakuna aibu hapo. Mimi nilikuwa nimeleta kuni na punda hapo kambi ya wakimbizi, Kakuma. Ulichagua zako, ukazifunga, halafu badala ya kwenda ukasimama unamtazama punda wangu kwa nyuma. Ukauliza, "Mama, huko kwako iko mbuzi?" Nikajibu ziko, tena nyingi, na hata kama zingekuwa chache ningekujibu hivyo hivyo. Ukasema, "Mavi yake unapeleka wapi?"

Nilicheka njia nzima. Nilipofika nyumbani nikamwambia Baba Akiru kuna mama kutoka Yei, ng'ambo ya mpaka, amefika kambini na mtoto mgongoni, na kitu anachoomba watu ni mavi ya mbuzi. Akasema labda ni dawa ya kwao. Nikakuletea gunia, bure, nione utafanya nini nalo. Ulifungua ukaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, ukasugua kati ya vidole, ukasema, "Hii imekauka vizuri," kama mtu anayesifu unga. Halafu ukanipeleka nyuma ya nyumba yako.

Niliona shimo. Bustani nimeziona za watu wa mradi, zimenyooka kama watoto wa shule mstarini, lakini yako ilikuwa chini ya usawa wa ardhi, pale maji ya mfereji yanapomwagika, na ndani yake kila kitu kimeshikana na kila kitu. Bamia imetoboa katikati, sukuma wiki pembeni yake, kunde zinatambaa kwa miguu ya wote, kitunguu hapa, dania kule. Nikakuuliza, "Hii ni shamba ama ni nywele za mtu ameamka?" Hukukasirika. Ukaniuliza, "Wewe kwako unafuga mbuzi peke yake?" Nikasema hapana, mtu wa mbuzi peke yake anangoja ugonjwa umalize boma siku moja. Sisi tunaweka mbuzi, kondoo, ngamia, punda, kila mmoja na kazi yake na kiangazi chake. Ukasema, "Sasa?"

Hivyo tu. "Sasa?" Na mimi nikaelewa. Unajua mimi sihitaji kuambiwa mara mbili.

Ndiyo maana hata leo wanawake wa chama chetu nikiwafundisha nawafundisha kwa mifugo. Bamia ni ngamia: mrefu, hajali jua, anasimama tu na walio chini wanapata kivuli. Sukuma ni ng'ombe, kunywa anapenda na kuvumilia hapendi, jua la mchana likimpata masikio yanalala. Mweke nyuma ya bamia. Kunde ni kondoo. Analala chini, analalia udongo usikauke, na pale alipolala akiondoka panabaki na nguvu, panda chochote kitakushukuru. Na kitunguu ni mbwa wa boma. Ananuka, hakuna anayemkumbatia, lakini mwizi anapita mbali. Wewe ulikuwa unasema vidukari hawana macho ya maana, wanatafuta sukuma kwa pua, kwa hiyo wape harufu nyingi wapotee njia. Nikisema hivyo wanawake wanacheka na wanakumbuka. Huwa sisemi kila mara kwamba ni maneno yako. Nasema mara moja moja.

Tena ulinionya kwamba mbwa halali na kondoo. Kitunguu mpe sukuma, mpe nyanya, lakini usimweke ndani ya kunde. Nilibisha, si unanijua? Nikapanda kwenye kona uliyonigawia humo shimoni kitunguu na kunde pamoja, na kunde zikabaki fupi zimekunja uso msimu wote. Ulipita hapo ukaangalia, ukaangalia, ukasema "Maleesh," yaani si kitu, ukaenda zako. Lile "maleesh" liliniuma kuliko matusi.

Na dania! Ilikuwa imezeeka, imepanda juu, ina maua, nikashika niing'oe ukanipiga mkono. "Acha. Askari wanakula hapo." Nikadhani jua limekupanda kichwani. Siku zilizofuata nikaviona vile vinzi vyembamba vya mistari vikielea kwenye maua ya dania, halafu chini, mgongoni mwa jani la sukuma, nikaona funza wao wa kijani ameshika kidukari anamnyonya kama mtoto na titi. Nilikaa kwenye vumbi nikamtazama mpaka akamaliza. Mimi niliyezaliwa na kukulia kwa mifugo, nilikuwa sijajua hata mboga ina wachungaji.

Nanaa peke yake ndiye uliyemfunga, kwenye mkebe wa mafuta. Ulisema huyo ni shemeji anayekuja kulala usiku mmoja, ukirudi sokoni umekuta ameoa.

Halafu rihani. Rihani ndiyo ilikuwa roho yako, na mimi nilijua kwa nini. Mama yako alikufungia mbegu zake kwenye pembe ya kitenge siku mlipokimbia, na wewe ulivuka mpaka na Keji mgongoni na lile fundo kiunoni. Mtu mwingine angeipandia mahali pake, aizungushie miti, aiangalie kama picha ya ukutani. Wewe uliisukuma katikati ya nyanya, inasongwa huku na huku. Nilikuuliza mbona hivyo, kitu cha mama yako. Ukasema, "Rihani akae na watu." Nzi weupe wa nyanya hawakuipenda harufu yake, nyuki waliipenda, na wakija kwake wanapita pia kwa bamia na kunde. Na yenyewe ilikuwa inakunywa kivuli cha wengine. Kila mtu alifaidi kwa mwenzake na hakuna aliyeshukuru. Kama nyumba nzuri.

Msimu ule vidukari walipomaliza sukuma za blok nzima, ule mtaa wenu wote wa kambi, sisi tulipoteza majani ya pembeni tu. Tulikula, tukauza, tukagawia majirani. Dawa hatukununua, maji tulitumia yale yale ya kuoshea vyombo. Nami nilitembea soko zima nikisema nimefanya hivi, nimepanda vile, na wewe ulikuwa nyuma yangu na kikapu unasikia kila neno. Hukunikatiza hata mara moja. Mama Keji, kuna watu wengi wanaoweza kukulisha. Wa kukuacha ujisifu na kazi yake ni wachache.

Sasa nije kwa Akiru, maana bila Akiru hakuna barua.

Unakumbuka alipoolewa Lodwar, yule mtoto wa tumbo langu, mzuri vile, shingo imejaa shanga mpaka hawezi kuinama? Watu walileta sufuria, walileta blanketi, Mama Ebei alileta saa ya ukutani ambayo haijawahi kutembea. Wewe ulikuja na karai la udongo. Ndani umepanda miche ya nyanya, rihani, kitunguu, bamia, imebanana kama watu kanisani siku ya Krismasi. Mama Ebei alicheka wazi wazi. "Huyu ameletea bibi harusi matope." Wewe ukamwambia Akiru, "Weka chini vile iko." Basi.

Akiru ni mtoto wa maana, ana heshima, ana mikono ya kupika, ana kichwa, lakini jembe na yeye hawajawahi kupatana, nami nasema hivi kwa upendo. Alifika Nawoitorong, huko huko Lodwar, akachimba shimo moja nyuma ya jiko, akapindua karai lote kama lilivyo, akaosha mikono. Hicho ndicho kilikuwa kilimo chake chote. Nilipomtembelea nikasimama mlangoni nikaona kichaka. Sikuinama hata kuangalia. Nilimsema. "Wewe, majirani wa hapa watasema nilizaa mvivu. Ng'oa hiyo takataka, panda kwa mistari, watu waone una mama." Akasema, "Kesho, Mama." Kila nikienda nilimsema, na kila nikimsema alisema kesho.

Shika hapo. Nitarudi.

Ulipougua, ulipokuwa kitandani sauti imebaki kidogo, ulinishika mkono ukasema, "Mama Akiru, rihani isikatike." Keji alikuwa ameshaenda upande wa kwenu na mume wake, barabara ilikuwa mbaya, hata kukuzika hakuwahi. Nilikuwa mimi peke yangu. Nilisema ndiyo. Ulijua nikisema ndiyo nimesema.

Nyumba yako wamepewa watu wengine. Ni watu wazuri, wana watoto wengi na kelele nyingi, ungewapenda. Pale kwenye shimo letu wamejenga bafu. Usikasirike, maji yake yanatoka vizuri na kuna nyanya imeota yenyewe kando ya ukuta, hakuna aliyeipanda. Kabla hawajajenga tuliihamisha rihani yako yote mpaka kwenye kiwanja cha chama, karibu na kanisa. Tukakaa wanawake wote tukasema Mama Keji apewe heshima. Asichanganywe na mboga. Apewe mahali pake mwenyewe, watu wakipita wajue.

Tulifanya kazi nzuri sana, hiyo siwezi kudanganya. Mama Ebei alileta chokaa, tukapaka mawe yakawa meupe kama ya ofisi ya chifu, tukayazungusha. Mimi nilikata mathenge, ule mti wa miiba, tukajenga ua mbuzi wasiingie. Ndani tukapanda rihani tupu. Kuna mama alikuja na kitunguu chake akitaka kukiweka pembeni, nikamfukuza mimi mwenyewe: "Hapa ni kwa Mama Keji!" Na kila mtu aliyepita alisema maskini Mama Keji, akachuma jani moja akaweka kwenye kitambaa. Likitoka ua, wanachuma ua. Kwa ukumbusho.

Unaona tayari, sivyo? Nakusikia huko ukisema "Sasa?"

Kivuli hakikuwepo. Kunde za kufunika udongo hazikuwepo. Yale mawe meupe tuliyoyapenda yalirudisha jua upande na upande. Panzi walikuwa na chakula kimoja na wakakijua kilipo. Ua la mathenge lilidondosha maganda yake ya mbegu ndani, na mathenge unamjua, ukimwekea maji ya mtu mwingine anaamka. Tukaamka siku moja vitanda vya bustani vimejaa miche ya mathenge inakunywa kuliko rihani. Na mbegu zingetoka wapi, maua yote yako kwenye vitambaa vya kanisani? Ikakauka shina moja baada ya lingine. Mgeni wa heshima tulimpa kiti, tukamweka juani peke yake.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa naenda kumwagilia vijiti.

Halafu Keji akapiga simu. Wamerudi Yei, kwenye kiwanja cha bibi yake. Nyumba haipo, miti ya matunda ilikatwa, lakini udongo uko, na ameanza kupanda. Sauti yake ni yako, Mama Keji, hata kukohoa anakohoa kama wewe. Akauliza, "Mama Akiru, rihani ya mama iko?"

Na mimi, mdomo wangu huu, nikasema, "Iko? Imejaa! Mpaka mbuzi wanakula wanachoka!"

Akalia. Akasema basi anakuja kuchukua mbegu mwenyewe, atapitia Loki karibu na mpaka, atashuka Kakuma, ataipeleka nyumbani ilikotoka. Akasema hana kitu kingine cha mkono wako. Nami nimesimama pale na simu sikioni nikitazama vijiti ndani ya mawe meupe.

Nilizunguka kambi nzima. Nilianza na wale uliowahi kuwagawia. Mmoja alihamishwa blok, mwingine amerudi kwao, mwingine alisema aliipika yote akafurahi. Nikaenda mpaka soko la Waethiopia, na kule nikaipata rihani, mafungu mazuri, mabichi, yananukia. Mama Ebei alikuwa pamoja nami, maana yeye peke yake nilikuwa nimemwambia nilivyomjibu Keji. Akasema, "Si hiyo? Nunua, kausha, mpe mtoto. Majani ni majani. Nani atajua?"

Nilisimama nayo mkononi. Nilisimama muda, sikufichi. Shina lake lilikuwa la kijani. Harufu ilikuwa tamu tamu, na yako haina utamu huo, yako inachoma puani kidogo kama karafuu halafu inakuja limau nyuma. Keji alinyonya akiwa amefunikwa na harufu hiyo. Angeifungua kule Yei, angeinusa, angenyamaza kwa heshima yangu. Ndiyo ingekuwa mbaya zaidi, kunyamaza kwake. Nikalirudisha fungu. Mama Ebei akasema, "Basi ukamwambie mbuzi wamechoka kweli." Nilitamani kumpiga na kikapu.

Nikaenda Lodwar. Kwa Akiru nilisema nimekuja kuona mjukuu, na mjukuu kweli ni wa kuonwa, ameota meno na anauma kila mtu kama mamba. Lakini nilikuwa nimekimbia. Nilitaka mahali pa kukaa nifikirie nitamwambia nini mtoto wako.

Akiru akanikaribisha, akaniwekea kiti kwenye kivuli cha ukuta, akaniletea chai ya maziwa ya mbuzi. Nikainua kikombe. Kabla hakijafika mdomoni, pua ikasimama.

Nikaweka kikombe chini. Nikasema, "Akiru, chai hii umeweka nini?"

"Majani tu, Mama. Kama huyataki nipike nyingine."

"Majani gani?"

"Si yale ya nyuma. Ya Mama Keji."

"Uko nayo tangu lini?"

Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto. "Tangu niolewe. Si wewe kila ukija unaniambia niing'oe?"

Mama Keji, nilikwenda nyuma ya jiko nikaacha kiatu kimoja mlangoni. Kile kichaka. Safari hii niliinama. Bamia imesimama juu, nyanya zimepanda juu ya bamia kwa sababu hakuna aliyezifunga mti, kunde za jirani zimepenya chini ya ua na kutandika udongo wote, vitunguu upande wa pili vimegawanyika na kugawanyika, na katikati, imesongwa huku na huku, rihani. Shina la zambarau. Akiru anamwaga hapo maji ya vyombo kwa sababu ndiko karibu. Rihani imekuwa ikiangusha mbegu zake chini ya kunde, kwenye unyevu, na kuota tena yenyewe, na kuangusha tena. Hakuna aliyeiheshimu hata siku moja. Ilikuwa inakaa na watu.

Akiru anasema nililia. Sikulia, nilikohoa. Ile mbegu inaingia kooni.

Na sasa nikuambie kitu kuhusu huyu binti yangu. Nimewahi kusema ana uvivu wa jembe. Nafuta neno hilo. Huyu mtoto ana subira. Kila mtu angeng'oa, mamake mzazi anamsukuma ang'oe, yeye akasema kesho. Wanawake wangapi wa Nawoitorong wanaweza kusema kesho kwa mama yao na wakashikilia hivyo miaka yote? Ile kesho ya Akiru ndiyo imeokoa neno langu kwako. Nimeshawaambia majirani zake wote, nyumba kwa nyumba, kwamba huu ni utaalamu. Akiru anaona aibu anajificha na mtoto ndani. Wacha ajifiche. Kizuri lazima kisifiwe, na kama sitasifu mimi nani atasifu?

Tumekata vichwa vya mbegu vilivyokauka, siyo vyote, vingine tumeviacha vijiangushe vyenyewe kama vilivyozoea. Viko kwenye ungo, kivulini, nimeweka khanga juu nyepesi upepo usichukue. Ukivisugua mkononi vinatoka vyeusi, vidogo kama mchanga wa laga. Mjukuu haruhusiwi kukaribia. Baba yake naye haruhusiwi, anapumua kwa nguvu.

Nitamwambia Keji nini? Nilimwambia iko, na iko. Nilisema imejaa, na imejaa. Sikumwambia iko wapi. Habari ya mawe meupe, akiniuliza nitamwambia, na nikimwambia tutacheka, maana ni wewe mtupu: hata ukifa unatufundisha kwa kutuacha tukosee kwanza.

Barua hii niliianzia kwa Akiru; siku zimepita, na sasa naimalizia Kakuma, nimerudi kuwaambia wanawake. Mama Ebei akasema, "Mimi nilijua tu." Nikamwachia. Tumeng'oa mathenge, mizizi yake imetutoa jasho. Mawe tumeyatoa kwenye duara, tutayatandika kwenye njia ya kuingilia, chokaa itaisha kwa miguu ya watu. Tumechimba kitanda kikashuka chini kama shimo lako, nikaleta mavi ya mbuzi, magunia kwa magunia, yamekauka vizuri, ungeyasugua ungeyasifu. Bamia zimeshatoa majani. Nyanya ziko. Sukuma iko upande wa kivuli. Kunde tumepanda huku na kitunguu kule, mbali, usiniangalie hivyo. Dania itaachwa izeeke. Yule mama niliyemfukuza na kitunguu chake nimemfuata mpaka kwake nikamwomba akilete, akaja nacho akiwa amenuna, na tukakipanda cha kwanza. Katikati tumeacha nafasi ndogo, iliyobanwa kila upande. Keji ndiye atakayetia mbegu hapo, kwa mkono wake.

Kwa hiyo tulia, rafiki yangu, mwana wa Yei uliyeomba mavi kwangu. Ulale na udongo wetu usikulemee. Nakuahidi hivi: nitachukua kitenge, pembe moja, nitafunga fundo kama alivyofunga mama yako. Lakini sitafunga rihani peke yake. Ndani nitatia punje za kunde, mbegu za bamia, za nyanya na za kitunguu, zote pamoja, ifike kwenu na watu wake. Na kila mwaka nitapanda, na nikichoka Akiru atapanda, na Akiru akisema kesho sitamsumbua.

Keji ameshavuka, amepiga simu kutoka Loki. Akiru anakuja kutoka Lodwar na mtoto na ungo mapajani, nimemwambia asiufungue njiani hata kwa malaika. Wanawake wa chama wanakuja, wale watu wa nyumba yako wanakuja na watoto wao wote, na Mama Ebei naye, tutamzuia vipi. Chai itakuwa na rihani, maziwa ni ya mbuzi wangu. Tunakutana pale kwenye kitanda cha bustani asubuhi, kabla jua halijawa kali, halafu tuje wote kaburini kwako. Ni Jumamosi, Mama Keji. Jumamosi hii.